Wastani wa KCSE Hautoshi

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yakitoka, wazazi huuliza jambo moja tu: mtoto amepata gredi gani? Akisema B+, shangwe, na kozi hutajwa papo hapo. Miezi michache baadaye huja manung'uniko. Mtoto amepangiwa kozi asiyoitaka, na mwenzake wa B+ iyo hiyo anakwenda kusomea uhandisi.

Si lazima pawe na hila. Wastani wa C+ humruhusu mtahiniwa kuomba shahada, basi. Kinachompa kozi hasa ni pointi za masomo manne yanayohusiana nayo, ambazo KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huzikokotoa hadi upeo wa 48. Anayetaka udaktari aking'ara katika Historia na Dini lakini akateleza katika Kemia, wastani wake mzuri hautamwokoa.

Na zile pointi za chini zinazotangazwa kwa kila kozi? Ni za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliotangulia. Waombaji hodari wakiongezeka, hupanda. Hazimwahidi mtu chochote.

Tunataka kila shule iwafafanulie wanafunzi hesabu hii kabla hawajachagua masomo, wala si baada ya matokeo. Wenye walimu washauri hodari tayari wanaijua. Wengi wa shule za kutwa vijijini huisikia mara ya kwanza kwenye saiba, siku ya mwisho ya maombi, mhudumu akiwachagulia kozi. Hiyo ni dhuluma, na Wizara ya Elimu inaweza kuanza kuikomesha muhula huu.