Mwenye kulipa mchango njo mwenye sendika

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwengine,

Kila mara tukiongea juu ya sendika, jibu linakuwaka moja: "Ile inakulaka tu makuta yetu." Tunaelewa hiyo hasira. Sisi wenyewe tulishaisema mara nyingi. Lakini leo tunasema wazi: sendika isiyolipwa na wafanyakazi italipwa na mtu mwingine, na huyo njo ataiamuru.

Mwenzetu mumoja alikuwa mlinzi wa usiku mu kampuni moja hapa mjini. Alifanya kazi miezi mingi bila kontra. Siku alipoiomba, aliambiwa asirudie tena. Walinzi wenzake walikuwa wanalalamika naye kila asubuhi mu njia ya kurudi nyumbani. Siku ile hakuna aliyefungua kinywa. Alienda kwa ispekta wa kazi peke yake. Akarudia, akarudia tena. Kisha pesa ya taxi ikaisha, pesa ya fotokopi ikaisha, na avoka hakuweza kumulipa. Mambo yakafia pale.

Si sheria iliyomukosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 38, inamupa kila Mukongomani haki ya kuunda sendika ao kuingia mu ile anayotaka. Sheria ya kazi ya 2002 inakataza patroni kumufukuza mtu juu iko mu sendika. Alichokosa ni watu wa kusimama naye na mfuko wa kumubeba.

Wazee wetu walijua bei ya kukosa hivyo. Mwezi wa 12, 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara. Wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa na sendika. Tarehe 9, hapa hapa, mu mji ulioitwa Elisabethville, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba yao, aliuawa. Ni kiisha ile damu, mu 1946, njo wakoloni walianza kuruhusu sendika za weusi, tena chini ya macho yao.

Kisha ikaja ya Mobutu. Mu 1967 sendika zote ziliunganishwa kuwa moja, UNTC, chini ya utawala wake. Mchango ulikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeonyeshwa hesabu. Wazazi wetu walilipa miaka yote ile sendika iliyosikiliza chama zaidi kuliko wao. Ndiyo sababu hawaiamini mpaka leo, na sisi tulirizi hiyo chuki bila kuuliza ilitoka wapi. Lakini mchango usioukubali na usioweza kuuliza unaenda wapi, huo ni kodi. Mchango wa kweli unautoa kwa mkono wako na unaufuata kwa macho yako.

Kufuatia 1990 sendika nyingi zilifunguliwa. Zingine ziko na mhuri na ofisi, lakini hazina wanachama wanaolipa. Delege wa sendika kama hiyo anakula wapi? Mwenye kumupa chakula atamupa na maneno ya kusema. Tuache basi kushangaa wakati anasaini kitu tusichokubali.

Tuhesabu kidogo. Wafanyakazi 200, kila mumoja 2.000 franka kwa mwezi: inafanya 400.000. Wengi wetu tunamalizaka zaidi ya ile 2.000 mu inite za telefone. Hayo makuta yanalipa taxi ya delege, karatasi, mwanzo wa kazi ya avoka, na mfuko wa bunga kwa nyumba ya mwenzenu aliyefukuzwa. Patroni akijua mnaweza kukaa mwezi moja bila kufa njaa, atawasikiliza kwa sikio ingine.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Ingia mu sendika ya kazini kwako. Kama haiko, anzeni. Lipa kila mwezi na udai risiti. Na kila miezi tatu, kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote. Delege anayekataa kutoa hesabu, mutoeni yeye kwa kura, musitoke ninyi.

Sisi hatuko sendika na hatukusanye mchango wa mtu. Lakini tumekubaliana kati yetu: kila mwenzetu mwenye patroni atafanya haya mambo tatu. Tunajua kupiga kelele barabarani, na tutaendelea. Ila yule mlinzi hakukosa kelele. Alikosa watu 200 wenye 2.000 kila mumoja.