Resus hasi: tuanze na damu ya mama

Mtoto wa kwanza anazaliwa salama. Wa pili anazaliwa na macho ya manjano, hana damu ya kutosha. Wa tatu anafia tumboni. Hapa kwetu Goma, Bukavu ao Butembo, familia ikifika hapo inaanza kutafuta mchawi. Ni wachache wanaouliza: huyu mama ana kundi gani la damu?

Mama akiwa resus hasi na mtoto resus chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwa mama wakati wa kuzaa, ao mimba ikitoka. Mwili wa mama unatengeneza askari wa kuishambulia, na askari hao wanamngoja mtoto anayefuata.

Miaka ya 1960 na 1970, waganga wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipima homoni ya estrioli katika mkojo wa mama, mkojo wa saa 24 nzima. Homoni ikishuka, mtoto yuko hatarini. Lakini kwa mimba za resus kipimo hicho kiliweza kudanganya: kondo la nyuma linavimba, linaendelea kutoa homoni, na karatasi ya laboratwari inasema yote ni sawa huku damu ya mtoto ikiharibika. Leo wenye vifaa wanatumia ekografia ya Doppler kupima mbio za damu kichwani mwa mtoto.

Nasikia watu wakisema tuletewe mashine hizo. Sikatai. Ila mashine inaonyesha hatari ambayo tayari imeingia. Sindano ya anti-D, inayotumika tangu 1968, inaizuia: mama anachomwa ndani ya saa 72 kisha kuzaa ao kupoteza mimba. Askari wakiisha kutengenezwa, haisaidii tena.

Sasa, kuna mama anayemaliza CPN zote, anapimwa ukimwi, anapewa chandarua, na anarudi nyumbani bila kujua resus yake! Kwa kuwa resus hasi ni wachache kati yetu Waafrika, jambo linaonekana dogo. Kwa mama anayezika mtoto si dogo. Serikali ilipie kipimo hicho kwenye CPN ya kwanza, na iweke hata dozi chache za anti-D katika frigo ya kila hospitali kuu ya zoni ya afya.

Na mimba ikitoka nyumbani, hata ya miezi mitatu, mama asikae akingoja maumivu yapungue. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na karatasi ya kundi lake la damu mkononi.