Mwalimu Naye Afunzwe

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, Serikali iliwapa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kupewa chombo si kujua kukitumia. Katika kata kama Sapiwi, wilayani Bariadi, mwalimu aliyezoea chaki miaka ishirini aweza kukifungia kabatini, na huku mbele yake ameketi mtoto aliyekwisha kujifunza kwa simu ya kaka yake. Kwa nini asimwulize?

Wako watakaosema kwamba heshima ya mwalimu itapungua. Sisi hatukubali. Wazee wa Usukumani wanakumbuka kisomo chenye manufaa, kilichoanza kujaribiwa katika mikoa ya Ziwa mwaka 1968, Shinyanga ukiwamo, nao ndio uliokuwa na Bariadi wakati ule. Wakulima wa pamba walishika kalamu, na miongoni mwa walimu wao walikuwamo vijana waliotoka shule ya msingi juzi tu. Mkulima hakudharauliwa kwa kufunzwa na rika la mwanawe. Alipata kuisoma mizani ya pamba yake kwa macho yake mwenyewe.

Ni kweli, mtoto ajua kubonyeza, hajui kufundisha. Somo ni la mwalimu. Wala Halmashauri isifanye jambo hili kisingizio cha kuahirisha mafunzo ya walimu.

Ndugu walimu wakuu, tengeni saa moja kila juma, mchana, hadharani. Wasichana nao wapewe zamu, maana nyumbani simu hushikwa na kaka. Na mwanafunzi amwelekezaye mwalimu wake kwa adabu asichapwe.