Mnatuita Turudi, Nanyi Mmefunga Dirisha



Dukuduku limenijaa kifuani, kwani naandika barua hii jioni ya siku niliyoshinda katika ofisi ya umma, bahasha ya hati mkononi, mpaka karani ambaye hakuinua hata uso kunitazama aliponiambia nirudi wiki ijayo.

Nilizaliwa katika Mkoa wa Shinyanga, na ujana wangu niliutumia Maskati, nchini Oman, katika gereji ya malori, nikivumilia jua la nchi ile na kulala chumba kimoja na wenzangu wengi ili nipate cha kuweka akiba. Katika mikutano ya Watanzania waishio huko, waheshimiwa waliotutembelea kutoka nyumbani aghalabu walitusihi tusizeekee ughaibuni, bali turejee na mitaji yetu, tufungue biashara na kuwaajiri ndugu zetu. Maneno yale yaliniingia moyoni. Nilinunua mashine ya kukoboa mpunga na kupanga mchele kwa madaraja, nikaileta kwa meli hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa lori hadi mji mmojawapo wa ukanda huu wa dhahabu, kwa kuwa nilijua kwamba mpunga wa Kahama na Shinyanga ni mwingi na mzuri, na kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu, Lwamgasa na Katoro huko Geita, washukao katika maduara tangu alfajiri na kuponda mawe kwenye makarasha mchana kutwa, hupikiwa wali na mama lishe kila siku ya Mungu.

Tangu mashine hiyo ishushwe imelala chini ya turubai. Ofisi ya leseni hainipi leseni mpaka nilete cheti cha ukaguzi wa jengo. Mkaguzi hakagui jengo ambalo mashine yake haijaunganishwa na umeme. Na watu wa umeme hawaniungi mpaka waone kibali cha matumizi ya kiwanja, ambacho hutolewa na ofisi ileile niliyoanzia. Kila mlango una ada yake, na ada atakayokutajia karani wa asubuhi siyo atakayokutajia mwenziwe wa alasiri, wala hakuna ukuta ulioandikwa kiwango ili mtu ajue haki yake na wajibu wake. Leo nilikaa benchini na mama mmoja aliyekuja kutafuta kibali cha kuuza chakula, mtoto mgongoni, ambaye kwa staha kubwa aliuliza kama angeweza kuacha karatasi zake akamnyonyeshe mwanawe. Akajibiwa kwa ukali kwamba akitoka, zamu yake imepotea. Nilihamaki kwa ajili yake kuliko nilivyohamaki kwa ajili yangu.

Nikauliza pia habari ya fedha, maana mashine bila fedha ya kununulia mpunga ni chuma kitupu. Sheria inaziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na jambo hilo nalisifu. Lakini mimi, ambaye ujana umenipita na ambaye sina kikundi kwa sababu miaka yote nilikuwa mbali, simo katika hesabu hiyo. Na benki niliyoiendea ilitaka hati ya nyumba, ilhali nyumba ya marehemu baba yangu haina hati.

Wazee wetu wa Usukuma walipokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakiitwa manamba, wenye mashamba waliokuwa na hitaji la mikono yao waliunda SILABU mwaka 1944, ofisi iliyowaandika na kuwasafirisha masafa yale yote. Sisifu maisha ya manamba, yalikuwa ya dhiki. Nasema tu kwamba mwenye haja na mtu humwekea njia, na kama taifa letu lina haja ya kweli na watu wake walio mbali, basi haja hiyo ionekane katika ofisi iliyo mbele yao siku wanapofika. Wala mimi sisemi kwa ajili ya watu wa ng'ambo peke yao. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, huko Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009 ulipofungwa mwaka 2021, wafanyakazi waliokuwa wametoka mikoa ya mbali walibaki wakitafakari waende wapi na akiba zao, na mtu wa namna hiyo akigonga milango niliyogonga mimi, akiba yake itaishia katika nauli na fotokopi.

Na madhali nimeutaja mgodi, niseme na hili. Halmashauri za ukanda huu hupokea kutoka migodini ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, na Geita mgodi mkubwa unatoa dhahabu tangu mwaka 2000. Hata hivyo eneo la viwanda nililopangiwa halina barabara ipitikayo mvua ikinyesha, lori la mpunga huzama matopeni, na taa ya njiani haipo hata moja. Wanasiasa wetu huiona barabara hiyo wakati wa kampeni, huahidi kwa vipaza sauti, huwaambia vijana wajiajiri, kisha haturudiwi mpaka kura nyingine.

Wenzangu niliowaacha Maskati hunipigia simu wakiniuliza kama warejee. Siwezi kuwahadaa; nawaambia wangoje.

Ninachotaka si upendeleo. Nataka maofisa wa leseni, ukaguzi, ardhi na umeme wakae pamoja japo siku moja kwa wiki katika chumba kimoja, ada zote zibandikwe ukutani, na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi yenye jina na muhuri wa aliyemkataa. Mavuno ya mpunga yamekaribia, na msimu huu ukinipita nitakuwa nimelipa pango la mwaka mzima kwa jengo lisilofanya kazi. Mkubwa wa ofisi hizo, ambaye bila shaka husoma gazeti hili, na anijulishe kabla ya mavuno ni karatasi gani iliyobaki, nami nitaileta kesho yake.

Wako mtiifu,
Mrejea kutoka Maskati,
Mkoa wa Shinyanga