Viazi lishe: usihesabu magunia tu, angalia na rangi

Kwa kaya nyingi za Usukumani, kuanzia Shinyanga hadi Geita, kiazi kitamu ndicho kinachoivusha familia kiangazi. Hukatwa vipande na kuanikwa kikiwa kibichi, ikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo kikaanikwa, yakawa matobolwa. Ndiyo maana mama anapochagua marando huuliza mambo mawili: kinazaa sana? Kina unga?

Kuna swali la tatu: ndani kina rangi gani? Kiazi cheupe hushibisha, lakini karibu hakina vitamini A. Chenye nyama ya rangi ya chungwa, yaani kiazi lishe, kina betakarotini kama karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu huanza kutoona vizuri jioni, na surua au kuharisha humlemea upesi. Gramu 125 za kiazi lishe kilichochemshwa, sawa na kiazi kimoja kidogo, hutosha mahitaji yake ya siku.

Hata hivyo, viazi lishe havifanani. Mradi wa Marando Bora, ulioanza Kanda ya Ziwa mwaka 2009, uliwapa wakulima aina kadhaa. Jewel ina rangi nzuri lakini ina maji mengi, na wengi hawapendi ulaini wake. Ejumula ina unga, ila hushambuliwa kirahisi na magonjwa ya virusi. Kabode, iliyotoka Uganda mwaka 2007, ina rangi na unga wa kuridhisha, na huvumilia virusi kuliko Ejumula. Polista, nyeupe iliyozoeleka, bado inapendwa kwa ladha na unga wake.

Kwa hiyo si lazima kung'oa Polista. Mwenye shamba anaweza kuiacha kwa ajili ya michembe, kisha akatenga matuta machache ya Kabode kwa ajili ya watoto. Sababu ni kwamba betakarotini hupungua kwa kuanikwa juani, na huzidi kupotea chakula kinapokaa ghalani miezi mingi. Kiazi lishe kiliwe kikiwa kibichi kutoka shambani, kichemshwe na ganda lake huku sufuria imefunikwa, na kiliwe na karanga au mafuta kidogo, maana vitamini hiyo huhitaji mafuta ili mwili uichukue.

Kwa anayenunua sokoni, Geita mjini au Katoro, avunje kiazi kimoja kabla ya kulipa. Ganda halionyeshi rangi ya ndani.

Mtihani mkubwa ni marando, kwani kiangazi cha Shinyanga huyakausha. Tenga kitalu karibu na kisima au panapomwagwa maji ya kuogea, na uchukue marando kwenye mashina yasiyo na majani yaliyojikunja au kudumaa.

Na matone ya vitamini A kliniki, kila baada ya miezi sita, yaendelee. Kiazi hakichukui nafasi yake.