Bosi Yuko Ulaya, Uzee Uko Bunda

Siku nyingi sijaandika, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wikiendi nilitoka hapa Butiama nikaenda Bunda kumwona rafiki yangu. Ni yule anayepiga kazi ya mtandaoni kwa kampuni ya nje, anaweka alama kwenye picha ili kompyuta zijifunze. Alikuwa anaingiza kama 600,000 kwa mwezi. Sisi tunasubiri bumu, yeye anatununulia chipsi. Basi juzi kafungua kompyuta, akaunti imefungwa. Hakuna barua wala simu. Miezi 22 ya kazi imeisha hivyo hivyo.

Nikamuuliza, "NSSF je?" Akacheka. "NSSF ya nani? Mkataba unasema mimi ni mkandarasi, si mwajiriwa."

Jamani! Baba yangu mdogo alifanya kazi kiwanda cha samaki Musoma. Sangara walikuwa wanaliwa Ulaya, lakini jina lake lilikuwa NSSF. Sasa niambieni, minofu na picha vina tofauti gani? Vyote vimeandaliwa na mikono ya hapa Mara na mlaji yuko ng'ambo.

Tupige hesabu. Mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni 20% ya mshahara, na kawaida mfanyakazi anatoa 10% na mwajiri 10%. Kwa 600,000, sehemu ya bosi ni 60,000 kila mwezi. Zidisha mara 22: ni 1,320,000 ambazo bosi hajazitoa. Tena angekuwa mwanachama, kuna fao la upotevu wa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na akaachishwa anaweza kupata 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Karibu 200,000 kwa mwezi! Badala yake jamaa anauza simu yake.

Najua wajanja wa hosteli mtasema, "Si afadhali, hakatwi kodi!" Mnajidanganya. Mkazi wa Tanzania anatozwa kodi kwa mapato yake hata yakitoka nje. Ukipita 270,000 kwa mwezi umeshaingia. Kilichokosekana ni mtu wa kukukata, kwa hiyo unatakiwa uwe na TIN, ufanye makadirio na ulipe mwenyewe kwa awamu. Rafiki yangu alikuwa na deni bila kujua. Yaani wajibu wa kodi umebaki palepale, haki za mfanyakazi ndo zimeyeyuka. Hicho ndicho kinachoniuma.

Wengine mtasema ajichangie mwenyewe, NSSF inapokea waliojiajiri. Ni kweli, na nawashauri mfanye hivyo, maana pensheni inataka miezi 180 ya michango na haingoji mtu. Lakini msiniambie ni sawa. Ukijichangia, sehemu ya bosi inatoka mfukoni mwako. Na ukiumia kazini, mfuko wa fidia wa WCF analipia mwajiri. Wewe huna mwajiri, una akaunti tu.

Msiniambie pia serikali haiwezi kuzifikia kampuni za nje. Mwaka 2022 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya 2% kwa kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa nchini. Kumbe wakitaka wanazifikia! Zinapotuuzia tunazijua, zinapotutumikisha tunasema ziko mbali. Mlango uliopitisha ile 2% upitishe na 10% ya NSSF.

Hata majirani zetu ng'ambo ya Sirari wameanza. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema Meta inaweza kushtakiwa kule kule Kenya na wahakiki wa maudhui walioajiriwa kupitia kampuni nyingine. Hawajashinda kesi, lakini "hatuko kwenu" imegoma kuwa jibu.

Kwa hiyo wadau, mnaotafuta kazi hizi baada ya chuo, kabla hujafurahia dola uliza: mimi ni mwajiriwa au mkandarasi? Ukiwa mkandarasi, dai bei ibebe na ile 10%. Na kodi yako lipa, ili siku tukipiga kelele asitokee mtu wa kutuziba mdomo.

Bosi anaweza kuhamia nchi nyingine kwa usiku mmoja. Rafiki yangu atazeekea Bunda.

Haya, kesho nina testi saa 2 asubuhi. Tukijaaliwa!