Mlinzi Aliyeshtushwa na Nusu Sekunde

Tarehe 29 Machi, 2024, mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza jambo ambalo kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku atalielewa mara moja. Alikuwa akijaribu mashine zake za Linux, akaona kwamba kuingia ndani yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangalipuuza. Yeye alifuatilia, akakuta mlango wa siri umechongwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika kompyuta nyingi mno duniani. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio. Ungalienea, mwenye kuuchonga angaliweza kuingia katika mashine za serikali, benki na hospitali bila kubisha hodi.

Mtu huyo hakuruka ukuta. Alijiita Jia Tan, akajitolea kusaidia kazi kwa zaidi ya miaka miwili, hata mtunzaji wa programu hiyo, mtu aliyechoka na asiyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, akamkabidhi funguo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Haya si mambo ya ng'ambo peke yake. Tarehe 11 Juni, 2019, ilitangazwa kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyevuka mpaka kutoka Kongo na kupokewa katika hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, ana Ebola. Alihamishiwa Bwera, akafariki huko. Siku zile taarifa sahihi ilikuwa silaha sawa na kipimajoto cha pale Mpondwe. Na taarifa za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Uganda iliieneza katika wilaya zote mwaka 2012. Programu hiyo hailipiwi ada ya leseni, na mara nyingi huendeshwa juu ya Linux. Basi anayeuharibu msingi huo aweza kuipofusha wilaya nzima wakati wa maradhi, pasipo kuvuka mto Lhubiriha.

Tumesikia askari wakiuliza: kitu kinachosomwa na kila mtu kitakuwaje salama? Swali ni la haki, kwani jeshi limelelewa katika siri. Lakini Freund aliugundua mlango ule kwa sababu aliruhusiwa kufungua na kusoma. Ingalikuwa programu iliyofungwa, angalilalamikia ucheleweshaji, kisha akangoja majibu ya kampuni. Hata hivyo hatusemi kwamba uwazi hujilinda wenyewe. Sumu ilifichwa katika mafaili ya majaribio, mahali ambapo macho hayafiki sana, na mlinzi aliyewekwa pale alikuwa mmoja tu.

Kwa sababu hiyo hapana budi vijana wa polisi na jeshi wenye kipaji wafundishwe kuisoma programu, wala si kubonyeza vitufe tu. Na wakuu wa vituo vya Kasese na Bwera waulize wiki hii: kompyuta za ofisi zina programu zipi, nani alizitia, nani anashika maneno ya siri. Pale ambapo jibu ni kijana mmoja aliyekwisha kuhamishwa, maneno hayo yabadilishwe siku hiyo hiyo.